Tiba za mimea kwa meno na fizi: mwongozo kamili wa kuzitumia mahali pake

Mtu anayeumwa jino akiibana karafuu kwenye gego lake na kuitafuna polepole, mara nyingi maumivu hutulia baada ya dakika chache, naye akapata usingizi aliokuwa ameukosa tangu usiku wa kuamkia jana. Hakuna muujiza hapo. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hutia ganzi na kupunguza uvimbe, na madaktari wa meno wamekuwa wakiichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza saruji ya kuzibia meno kwa muda kwa zaidi ya miaka 100. Tatizo huanza asubuhi, pale ambapo maumivu yamekwisha na mwenye jino anadhani kwamba jino nalo limepona, ilhali tundu liko palepale na bakteria waliolichimba wanaendelea na kazi yao.

Kwa sababu hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata swali moja, ambalo msomaji anapaswa kuliuliza kila anapoelezwa habari za jani, gome au mafuta yoyote: mmea huu unafanya kazi gani kinywani? Kazi zenyewe ni nne, nazo ni kuondoa utando unaoganda kwenye meno, kupunguza bakteria na uvimbe wa fizi, kutuliza maumivu, na kuirudishia enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, madini iliyopoteza. Katika kazi tatu za kwanza mimea ina ushahidi, mwingine wa kuridhisha na mwingine hafifu. Katika kazi ya nne hakuna mmea uliothibitishwa kuchukua nafasi ya floraidi, madini yanayotiwa katika dawa za meno, na tundu likishatoboka hakuna mmea unaoliziba.

Hatua ya 1: Elewa kinachoharibu meno na fizi

Bakteria wa kinywani, hasa aina iitwayo Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani Robert Stephan alipima asidi hiyo juu ya utando wa meno ya watu waliosukutua maji ya sukari, akaona kwamba pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, hushuka ndani ya dakika chache na huchukua nusu saa au zaidi kurudi ilipokuwa. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini yake. Ikipanda tena, mate huyarudisha. Jino huishi katika mvutano huo kila siku, na ndiyo maana anayekunywa soda moja kwa kuionja mara 10 mchana kutwa huumiza meno yake kuliko anayeimaliza kwa mkupuo mmoja pamoja na chakula. Utafiti uliofanyika Vipeholm, Sweden, kati ya mwaka 1945 na 1953 ulionyesha jambo hilo kwa ukatili ambao leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeuruhusu: wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa peremende za kunata baina ya milo, na meno yao yakaoza vibaya sana.

Enameli haina seli hai, kwa hiyo haijitengenezi upya kama ngozi iliyokwaruzika. Doa jeupe lisilong'aa karibu na ufizi ni dalili kwamba madini yameanza kutoka, na hatua hiyo bado inaweza kurudishwa nyuma. Uso wa jino ukishabomoka, kilichobaki ni kazi ya daktari.

Kwa upande wa fizi, jaribio linalopaswa kukumbukwa ni lile la mtafiti Harald Löe na wenzake, lililochapishwa mwaka 1965. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno, na wote walipata uvimbe wa fizi kati ya siku ya 10 na ya 21. Walipoanza tena kupiga mswaki, fizi zilirudi katika hali yake baada ya muda wa wiki moja hivi. Msomaji aliweke jaribio hilo akilini, kwa maana litatufaa tena tutakapofika kwenye madai ya dawa za mimea zinazosemekana kuponya fizi kwa wiki mbili.

Hatua ya 2: Kagua kinywa kabla ya kuchagua dawa

Simama mbele ya kioo ukiwa na tochi. Inua mdomo wa juu kwa kidole, kisha shusha wa chini, utazame mstari ambapo ufizi unakutana na jino. Ufizi mzima umebana, nao haumwagi damu unapopigwa mswaki. Ule uliovimba huwa mwekundu zaidi, unang'aa, na ncha yake iliyo katikati ya meno mawili huwa imetuna. Halafu pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukihisi ukuta mgumu wenye mikwaruzo, huo ni ugaga, yaani ukoga uliokwisha kukauka na kuwa kama jiwe kwa madini ya mate, na hakuna kusukutua wala kusugua kutakakoung'oa. Unahitaji kukwanguliwa na mtaalamu.

Kwa utando ambao bado ni laini, tia tone la rangi nyekundu ya chakula kwenye kijiko cha maji, pakaza juu ya meno kwa pamba, kisha sukutua mara moja na kutema. Rangi itashika palipo na utando na kuachia palipo safi. Watu wengi hushangaa kuona kwamba meno yanayoonekana wakicheka ni safi kabisa huku upande wa ndani wa magego ya chini ukiwa umepakwa wekundu mtupu. Andika mahali penye damu na penye rangi, kwa sababu kumbukumbu hiyo ndiyo utakayoitumia kupima kama dawa yoyote imekusaidia.

Hatua ya 3: Weka msingi

Msingi ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, mojawapo ikiwa kabla tu ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kiwango ambacho huandikwa kwenye kasha kwa herufi ppm. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Baada ya kumaliza, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya meno. Katikati ya meno tumia uzi wa meno au brashi ndogo mara moja kwa siku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, na sioni sababu ya mpenzi wa tiba za mimea kuikataa. Mimea yote itakayotajwa hapa chini ni ya kuongezea juu ya msingi huu.

Hatua ya 4: Tumia kijiti cha mswaki kwa ufundi wake

Kati ya tiba zote za mimea, yenye hoja nzito zaidi ni kijiti kinachokatwa kwenye mti uitwao kisayansi Salvadora persica. Kiswahili kimeuita mti huo na brashi ya dukani kwa jina lilelile moja, mswaki, na kwa kufanya hivyo kimetukumbusha ni kipi kilichotangulia. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mahali ambapo umezoeleka. Nguvu yake iko pande mbili: nyuzi zake hukwangua utando kama brashi, na utomvu wake una kemikali inayoitwa benzili isothayosayaneti, ya ukoo mmoja na ile inayoipa haradali ukali wake, ambayo maabara zimeonyesha kwamba huua baadhi ya bakteria wa magonjwa ya fizi. Kijiti kibichi ukikitafuna utaisikia: kwanza ni uchungu mdogo, kisha ukali unaopanda puani.

Chagua kijiti kibichi chenye unene wa kalamu ya risasi na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kinachopindika bila kuvunjika na ambacho bado kina harufu kali. Kikiwa kimekauka, kiloweke katika maji safi kwa saa chache, lakini usikiache majini siku nzima, kwa kuwa utomvu unaoutafuta utaishia kwenye bilauri. Menya gome kiasi cha sentimita moja kwenye ncha, kisha utafune taratibu mpaka nyuzi zitengane na kuwa laini. Hapa ndipo wengi wanapokosea: huanza kusugua nyuzi zikiwa bado ngumu, na ncha ngumu hiyo huchubua ufizi. Tafiti kadhaa zimeona ufizi uliorudi nyuma na kuacha mizizi wazi kwa wanaokitumia vibaya, hasa wanaosugua kwa nguvu na kwa kwenda kulia na kushoto.

Sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea kwenye ncha ya jino, jino moja baada ya jingine, bila kukandamiza. Sehemu za mbele ni rahisi. Kwa upande wa ndani wa magego, kijiti kilichonyooka hakifiki vizuri, na ni lazima uipinde ncha kwa pembe kabla ya kuiingiza. Ukishindwa, sehemu hiyo imalizie kwa brashi ya kawaida. Ncha iliyotumika siku nzima ikatwe na mpya itengenezwe kesho yake. Majaribio yaliyolinganisha kijiti na brashi ya plastiki yameona matokeo yanayokaribiana kwa utando na fizi pale watumiaji walipofundishwa namna ya kukishika, na mafunzo hayo ndiyo sehemu ambayo matangazo huiruka.

Vijiti vya mwarobaini navyo hutumika kwa namna hiyohiyo. Onyo moja tu: usitafune kijiti cha mti usioujua. Olianda, kwa mfano, ni ua zuri la bustanini lenye sumu ya moyo katika kila sehemu yake.

Hatua ya 5: Chagua maji ya kusukutua kwa sababu maalumu

Kusukutua hakuondoi utando ulioganda. Bakteria walio ndani ya utando hujenga ngome inayoweza kuwafanya wastahimili dawa hadi mara 1,000 kuliko wale wanaoelea peke yao, kwa hiyo maji ya kusukutua hufaa baada ya kusugua, wakati ngome imekwisha kubomolewa. Lakini ukisukutua mara tu baada ya kupiga mswaki utaiosha floraidi, kwa hiyo tenga saa nyingine ya siku, kwa mfano baada ya chakula cha mchana.

Chai ya kijani ndiyo ningeianza mimi. Ina kemikali ziitwazo katekini zinazopunguza nguvu ya bakteria kushika kwenye jino, na mmea wa chai wenyewe hukusanya floraidi kutoka ardhini. Loweka kifuko kimoja katika kikombe cha maji moto kwa dakika tano, iache ipoe, usitie sukari hata chembe, kisha sukutua kwa dakika moja na kutema. Ubaya wake ni kwamba huacha madoa ya kahawia taratibu.

Mafuta ya mimea kama thaimu, mkaratusi na mnanaa yamo katika maji ya kusukutua yanayotengenezwa viwandani, na kundi hilo limefanyiwa majaribio mengi ya miezi sita yaliyoonyesha kwamba hupunguza utando na uvimbe wa fizi kwa wanaopiga mswaki. Thaimu ni mmea wa majani yenye harufu unaotoa kemikali iitwayo thimoli. Usijaribu kuyatengeneza nyumbani kwa kudondosha mafuta hayo majini, kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, na tone zima linaweza kutua juu ya ufizi na kuuunguza.

Manjano, shubiri na majani ya mwarobaini yote yamejaribiwa kama maji ya kusukutua au jeli, mara nyingi katika vikundi vidogo na kwa wiki chache, na matokeo yake kwa fizi ni ya kutia moyo kiasi. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, si mmea, lakini kwa kidonda cha mdomoni au siku moja baada ya kung'olewa jino hayana mpinzani kwa usalama.

Kusukutua mafuta ya nazi kwa dakika 10 hadi 20 kuna wapenzi wengi na ushahidi mchache. Anayetaka kujaribu atumie kijiko kimoja, asiyavute kooni, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni huweza kuleta nimonia, na ayateme kwenye jaa badala ya sinki, maana chini ya nyuzi joto 24 hivi huganda na kuziba bomba.

Hatua ya 6: Tumia karafuu kununua muda

Kuna usemi kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Siukubali, kwa sababu meno mengi yanayong'olewa yangeweza kuzibwa au kusafishwa mzizi, lakini nauelewa: umetungwa na mtu ambaye maumivu yake yalitulizwa na kurudi, yakatulizwa na kurudi, mpaka akachoka.

Kwanza sukutua maji ya uvuguvugu na utoe mabaki ya chakula kwa uzi wa meno, maana mara nyingine kinachouma ni ufizi uliobanwa na kipande cha nyama. Kisha weka karafuu nzima moja karibu na jino, iache ilainike kwa mate, uibonyeze polepole, na uitoe baada ya dakika 10 hivi. Ukitumia mafuta ya karafuu, changanya matone mawili au matatu katika kijiko cha chai cha mafuta ya kula, chovya ncha ya pamba, ikamue, na uguse jino lenyewe bila kupakaza ufizi mzima. Mafuta hayo bila kuchanganywa huunguza nyama laini ya kinywa na kuacha kidonda cheupe, na mwenye jino huishia kuwa na maumivu mawili.

Chupa ya mafuta ya karafuu ikae mbali na watoto. Mililita 5 hadi 10 tu zimewahi kumtia mtoto mdogo katika kupoteza fahamu na kuharibika ini. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwulize daktari kwanza. Na vidonge vya maumivu vinywewe. Kukibana kidonge cha aspirini kwenye ufizi, kama ambavyo wengi hufanya, huunguza tu.

Maumivu makali yakikoma yenyewe baada ya siku kadhaa, hiyo ndiyo habari mbaya. Mara nyingi maana yake ni kwamba neva iliyo ndani ya jino imekufa, na usaha unaweza kuanza kukusanyika kwenye ncha ya mzizi bila kelele yoyote.

Hatua ya 7: Ondoa vinavyodhuru

Maji ya limau yana pH ya 2 na kitu, chini sana ya ile 5.5, na kuyasugulia meno ili yawe meupe ni kuyamumunya. Hata ukiyanywa tu, subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Unga wa mkaa husugua madoa ya juu, lakini kwa kuisugua enameli pia huikondesha, na chini ya enameli kuna dentini ambayo kwa asili ni ya manjano, hivyo anayetafuta weupe huishia kuupoteza. Kitunguu saumu kibichi kikibanwa kwenye ufizi usiku kucha huacha kidonda cha kuungua. Mafuta ya mwarobaini yakimezwa na mtoto huleta kutapika na degedege, na mafuta ya mti wa chai wa Australia yasimezwe na yeyote.

Popoo, ile kokwa inayotafunwa na jani la tambuu, nayo ni mmea, na kuna wanaoisifu kwa kuimarisha fizi. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hata isipochanganywa na tumbaku. Tumbaku ya kubana mdomoni iko katika kundi hilohilo.

Hatua ya 8: Yahoji madai ya utafiti

Ukisoma kwamba mmea fulani "umethibitishwa kuua bakteria wa meno", uliza bakteria hao walikuwa wapi. Katika kisahani cha maabara hata siki huua. Kinywani dawa hukaa sekunde chache, huchanganyika na mate, na hukutana na utando wenye jamii nyingi za bakteria. Kisha uliza kilichopimwa ni nini. Majaribio mengi hupima utando na damu ya fizi kwa wiki mbili au nne, kwa kuwa meno kuoza huchukua miezi na miaka kuonekana, na mwandishi wa tangazo huruka kutoka "utando ulipungua" hadi "huzuia meno kuoza" kana kwamba ni jambo moja.

Uliza pia kikundi cha kulinganisha kilipewa nini. Hapa ndipo jaribio la Löe linaporudi: waliopiga mswaki tu, bila mmea wowote, walipona fizi ndani ya muda mfupi uleule. Jaribio lisilo na kikundi cha namna hiyo haliwezi kukueleza kama kilichoponya ni manjano au ni mkono ulioshika brashi. Yale yanayolinganisha mmea na klorohexidini, dawa yenye nguvu ambayo ikitumika kwa wiki kadhaa hutia meno madoa ya kahawia na kubadili ladha, yana maana zaidi, ila "hatukuona tofauti" katika watu 20 haimaanishi kwamba dawa mbili ni sawa.

Unaweza kujaribu mwenyewe kwa kiasi fulani. Kaa wiki mbili ukifanya hatua ya 3 peke yake na kuhesabu sehemu zinazotoka damu, kisha ongeza mmea mmoja tu kwa wiki mbili nyingine, uhesabu tena. Ukianza vyote kwa siku moja hutajua kamwe kilichofanya kazi.

Hatua ya 9: Jua siku ya kuacha kujitibu

Uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa, kushindwa kufungua kinywa au kumeza, ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi ya jino yanaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Jino linaloendelea kuuma baada ya kuguswa na kitu cha moto, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, jino linalolegea, na fizi zinazotoka damu hata baada ya wiki mbili za usafi mzuri vinataka miadi bila kuchelewa.

Ukifika kwa daktari, mweleze kila ulichotumia, hata kama unaona haya. Ukiwa umepaka mafuta ya karafuu ndani ya tundu, ni lazima ajue, kwa sababu yujenoli huzuia baadhi ya vijazio vyeupe vya meno kukauka sawasawa, na jino lililozibwa juu ya mabaki yake huweza kuachia kijazio baada ya muda mfupi. Ukimwambia, atalisafisha vizuri zaidi au atachagua kijazio cha aina nyingine.